Jua Lililokuwa Mgongoni

Dada Mikate alipofika hospitali kwa gari la jirani aliyemletea habari, alimkuta mumewe amesimama ukumbini, suruali imejaa vumbi upande mmoja, anajieleza mbele ya mama mkwe wake kama mwanafunzi aliyechelewa. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, ameukumbatia kana kwamba nao umegongwa.

"Jua lilinipiga machoni, mama," mume alisema. "Nilikuwa natoka kazini na pikipiki, naye anavuka barabara kwa miguu, pale kwenye kona ya fundi viatu. Sikumwona kabisa."

"Jua," mama alirudia, kama mtu anayetajiwa jina la shahidi asiyemwamini.

Nyuma ya pazia la kijani alikuwa amelala mdogo wake Dada Mikate, tumbo moja, ziwa moja. Mtaani walimwita Twiga, kwa urefu wake na kwa kile kichwa kidogo kilichokaa juu ya shingo ndefu kama kifuniko juu ya chupa. Walikuwa wanamfunga plasta mguu mzima, toka kwenye paja hadi vidoleni. Dada yake alipomshika mkono na kumuuliza ilikuwaje, Twiga aligeuzia uso ukutani.

"Sikumbuki kitu, dada. Nakumbuka nilitoka nyumbani, basi."

Daktari alisema mtu akiangukia kichwa, kusahau si ajabu. Dada Mikate alimshukuru Mungu kwa uhai wa ndugu yake, akatoka nje ya pazia, akamshika mumewe bega la kulia kumpa pole. Mume alikunja uso kwa maumivu, kisha akatabasamu harakaharaka.

"Nimechoka tu," alisema.

Siku ile hakumtilia shaka. Shaka ilianza kesho yake asubuhi, na kilichoianzisha kilikuwa kitu cha kumfurahisha.

Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate kwa pikipiki ya kiwanda. Alfajiri alikwenda mjini, upande wa magharibi, akajaza lile sanduku la njano lililofungwa nyuma ya pikipiki, kisha akaanza kurudi mashariki duka kwa duka, hadi mwisho wa njia, karibu na nyumbani kwake. Kwa hiyo kila asubuhi jua lilipochomoza walikutana uso kwa uso. Si jua la mchana linalochoma utosi. Ni lile jua changa lililokaa chini kabisa, katikati ya barabara, kama mtu aliyeamua kukuzibia njia. Ukiingia ndani yake bila akili, mbuzi anageuka kivuli, shimo linageuka lami, na mtoto wa shule haonekani mpaka umfikie miguuni.

Alikuwa amejifunza kuishi nalo. Juu ya kioo cha helmeti yake alibandika utepe mweusi wa kitambaa, upana wa vidole viwili. Jua likija, aliinamisha kidevu kidogo tu, utepe ukalifunika, naye akabaki anaona barabara chini yake. Kioo chenyewe alikiosha kwa maji na sabuni, hakukifuta kikavu hata siku moja, maana vumbi hukwaruza, na kila mkwaruzo hugeuka uzi wa moto mwanga ukiupiga. Alipunguza mwendo. Aliwasha taa. Na pale kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali, ambapo jua lilikuwa kali kuliko mahali pengine pote, alikata kushoto akapita barabara ya nyuma yenye miti na kuta ndefu, ingawa ilimchelewesha. Wenzake walimcheka. "Wewe unaogopa jua kama barafu," walimwambia. Hakujali. Barafu inayojijua huishi muda mrefu.

Hata hivyo kioo kilikuwa kimezeeka. Michirizi ilikuwa imekizidi sabuni, na siku nyingi alimaliza kazi macho yakimtoka machozi.

Asubuhi ile ya baada ya ajali aliingia kwenye jua akisubiri kuumia kama kawaida. Hakuumia. Barabara ilitulia mbele yake, safi, kila jiwe na kivuli chake. Alishangaa mpaka akaegesha pembeni, akavua helmeti, akaigeuza mikononi. Kioo kilikuwa kipya. Utepe nao haukuwa ule wake wa kitambaa, bali ule wa plastiki unaong'aa wanaotumia mafundi umeme, umebandikwa kwa unyoofu ambao mikono ya mumewe tu ndiyo ingeuweza. Akatazama saitimira ya kushoto, kile kioo cha kuonea nyuma, ambayo kwa miezi ilikuwa ikitetemeka kama mgonjwa wa homa. Imetulia tuli.

Mwanzoni aliona ni upole. Alipofika duka la pili alianza kujiuliza. Mtu amemvunja shemeji yake mguu jioni, amekaa hospitali na mama mkwe anayemkodolea macho, na bado akapata nafasi ya kwenda kumtafutia mke wake kioo cha helmeti? Alipofika duka la tatu upole ule ulikuwa umeanza kunuka. Mtu asiye na kosa hahongi.

Akiwa anashusha mikate pale dukani, wazo jingine likamjia, akasimama na kreti mikononi kama aliyesahau kazi yake. Yeye hupigwa na jua asubuhi kwa sababu anaelekea mashariki. Mumewe jioni anatoka mjini anarudi nyumbani. Nyumbani ni mashariki. Jua la jioni liko wapi?

"Dada, mikate inataka kwenda mahali?" mwenye duka alimuuliza.

"Jioni jua linakuwa mgongoni," alisema.

"Ndiyo hivyo tangu tuzaliwe," mwenye duka alijibu, akampokea kreti.

Mumewe, fundi friji, siku ile hakwenda mjini. Alasiri alimkuta nyuma ya nyumba, friji ya mtu imelazwa ubavu, yeye ameichuchumalia. Alikuwa anakaza skrubu kwa mkono wa kushoto, na mumewe hakuwa mtu wa kushoto.

"Umenibadilishia kioo cha helmeti."

"Eh. Kilikuwa kimechakaa."

"Lini?"

"Nilipita kwa rafiki yangu fundi pikipiki."

"Jana? Na hospitali yote ile?"

"Jana, juzi, kuna tofauti gani? Hukipendi?" Hakuinua uso. "Kama hukipendi nitakitoa."

Alimjua mumewe kuwa mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza friji imeharibika nini, alikueleza toka siku ilipotoka kiwandani. Ufupi huu ulimtisha kuliko uongo mrefu.

Ndipo yale maneno ya kochi yakamrudia. Twiga alikuwa ameishi kwao muda mrefu, analala kwenye kochi la sebuleni, miguu imening'inia nje kama nguo zilizoanikwa. Kazi alikuwa anaitafuta, lakini kwa mwendo wa twiga aliyeshiba. Siku chache kabla ya ajali mume alichoka. "Mwanamume hazeekei kwa dada yake," alifoka. Twiga naye akajibu, "Sema tu nikifa utafurahi." Mume akasema, "Ukifa utakuwa umeniachia kochi angalau." Watoto walicheka, na Dada Mikate mwenyewe alicheka. Sasa aliyarudia maneno yale kichwani, na hayakuwa na kichekesho chochote.

Mama hakusaidia. Twiga alipotolewa hospitali, mama alimchukua kwake, akasema wazi kwamba hawezi kumrudisha mwanawe kwenye nyumba ya mtu aliyemgonga. Kila Dada Mikate alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, mama alimsindikiza hadi mlangoni, akashusha sauti.

"Mimi sisemi kitu, mwanangu. Mimi ni mama mkwe, nikisema nitaambiwa nina mdomo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Hilo sisemi."

"Mama, ilikuwa ajali."

"Nimekataa? Nasema tu, barabara yote ile, watu wote wale, akagongwa nani? Yule yule aliyetakiwa aondoke. Sisemi kitu."

Kutosema kwa mama kulimfuata njia nzima. Nyumbani alianza kumtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Alimwona akinywa chai kwa mkono wa kushoto, akivaa shati kwa kujipinda, akigeuza mgongo anapooga. Anaficha kitu, alijiambia. Ameumia mahali, na hataki nione. Mtu aliyegonga mtu kwa bahati mbaya anaficha nini? Aliwatuma watoto wakamwambie baba yao kwamba mama ana kikohozi, hataki kumwambukiza, akahamishia mto wake chumba cha watoto. Kila akiingia mle kulala aliburuta kiti, akakiegemeza nyuma ya mlango. Alijionea aibu, lakini hakukiondoa.

Mwisho aliona heri aulize watu wa barabarani. Macho hayana pazia, na pale kwenye kona fundi viatu alikuwa na kibanda chake, benchi moja na meza iliyopigiliwa misumari pande zote. Dada Mikate alimpelekea kandambili ya mtoto iliyokatika, ili asionekane amekwenda mikono mitupu.

"Habari ya kazi, fundi?"

"Kazi ipo, viatu ndio havipo."

"Siku ile ya ajali ulikuwepo?"

"Mimi huwa nipo. Kibanda hakina magurudumu."

"Basi uliona."

Fundi alitia uzi mdomoni, akaulowesha, akautafutia tundu la sindano kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Dada yangu, mimi naangalia miguu. Nyuso siangalii."

"Na huo mguu uliovunjika hukuuangalia?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Muulize baba watoto wako. Aliniomba nisiongee, nami nimempa neno langu."

"Alikuomba usiongee? Kuhusu nini?"

"Hapo tayari nimeongea mno." Akamrudishia kandambili. "Hii nayo haifai kushonwa. Imekwisha."

Alitoka pale kandambili mkononi. Mumewe alikuwa amewaziba watu midomo. Sasa halikuwa tena suala la jua liko wapi.

Lakini alikuwa mtu wa barabara, na mtu wa barabara haamini mpaka apite mwenyewe. Siku iliyofuata, badala ya kulala mchana kama kawaida yake, alikwenda tena mjini na pikipiki, akasubiri hadi saa ambayo mumewe hufunga kazi. Kisha akaondoka kuelekea nyumbani, mwendo wa kawaida wa mtu aliyechoka.

Jua lilikuwa mgongoni kwake, chini kabisa. Kivuli chake kilimtangulia barabarani, kirefu, kichwa kimefika mbali kama mtu anayekwenda kupiga hodi kabla yako. Na kila kitu kilionekana. Mwanga ulikuwa umepaka kuta rangi ya asali. Aliona namba za magari, aliona mapengo ya watu wanaocheka. Alipoikaribia kona, akaona hata nyundo ya fundi viatu inavyopanda na kushuka. Hapa hakuna mtu anayeweza kusema hakuona. Alimwona. Alimwona Twiga kama ninavyoiona nyundo ile.

Mara pikipiki ikatokea mbele, inatoka mashariki inakwenda mjini, na badala ya kubaki upande wake ikawa inakuja upande wa kwake, taratibu, bila haraka, kama inayomfuata. Alipiga honi. Haikubadilika. Akawasha na kuzima taa. Mwendeshaji alikuwa ameinua mkono mmoja mbele ya uso, macho yamefinywa, kioo cha helmeti yake kinang'aa chote kama sahani ya bati. Dada Mikate akakata kwenda ukingoni, tairi likala changarawe, na yule mtu akampita karibu kiasi cha kusikia harufu ya koti lake.

Alisimama mbele kidogo, akageuka, uso umesawijika kwa hofu. "Nisamehe, dada! Haki ya Mungu sikukuona. Jua!"

"Na honi?"

"Nilisikia, sikujua inatoka wapi!"

Alimwambia aweke pikipiki pembeni ya ukuta, asubiri jua lishuke nyuma ya paa za nyumba ndipo aendelee. Mtu yule alitii kama mtoto. Dada Mikate alibaki ameushika usukani. Alijua jambo hili siku zote, ila kwa upande mwingine: kila asubuhi yeye ndiye asiyeona, na wale wenye jua mgongoni ndio wanaomwona. Ukiona kivuli chako kimelala kirefu mbele yako, ujue anayekuja mbele yako hakuoni. Kwenye kona hii jioni, asiyeona ni yule anayekwenda mjini. Basi Twiga alikuwa anakwenda upande gani? Na kama alikuwa kwa miguu, alishindwaje hata kusikia pikipiki?

Hakwenda nyumbani. Aligeuza njia ya nyuma, akaenda moja kwa moja kwa mama.

Twiga alikuwa amelazwa sebuleni, mguu wa plasta umewekwa juu ya mito. Mama alikuwa anakunja nguo. Dada Mikate aliingia na helmeti mkononi, akakaa kitini akivuta pumzi. Alikuwa amepanga kusema, "Shemeji yako alikuona, nimehakikisha." Lakini ile hofu ya barabarani ikatangulia.

"Nimeponea chupuchupu," alisema. "Pale pale kwenye kona yenu. Mtu amenijia uso kwa uso, jua limempofusha. Sijui hata kama kwenye helmeti yake ana kitu cha kumkinga. Kama angekuwa na utepe kama wangu, angeniona."

"Utepe wako huo?" Twiga alisema, akicheka kidogo. "Utepe wako ndio balaa lenyewe. Helmeti inamshuka mtu mpaka puani, ule utepe unakaa katikati ya macho. Lazima uubandue ndio uone..."

Akaangalia plasta ya mguu wake.

Mama alibaki na shati mikononi, mkono mmoja umekunjwa, mwingine unaning'inia. Nje mtu alikuwa anaita jina la mbwa. Dada Mikate aliitazama helmeti magotini kwake. Ilikuwa kubwa, kwa sababu yeye huivaa juu ya nywele zilizosukwa na kitambaa. Kwenye kile kichwa kidogo cha mdogo wake ingeshuka, ndiyo, mpaka puani.

"Unajuaje?" alimuuliza taratibu. "Hujawahi kuivaa helmeti yangu mbele yangu. Na siku ile hukumbuki kitu."

"Dada..."

"Nakusikiliza."

Twiga alijifunika uso kwa kiganja. Akaanza kulia kama walivyokuwa wakilia utotoni, kwa pua zaidi ya macho. Alisema alikuwa ameitiwa kazi kwenye karakana ya mbao, upande wa pili wa mji, aende jioni ile ile kuonana na msimamizi kabla hajafunga. Alitaka arudi na habari ya kumziba shemeji mdomo. Alikuwa amechelewa. Dada yake alikuwa amelala usingizi wake wa mchana, na funguo za pikipiki ya mikate zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari. Aliubandua utepe kwa sababu ulimziba. Alipoingia kwenye jua, kile kioo cha zamani chenye michirizi kikawaka chote, hakuona mbele wala pembeni, naye hakutaka kupunguza mwendo kwa sababu ya muda. Alisikia honi. Alisikia mtu anapiga kelele jina lake.

"Ilikuwa ni yeye," Twiga alisema. "Alikuwa amenitambua kwa mbali, kwa lile sanduku la njano. Akaitupa pikipiki yake mtaroni ili nisimgonge uso kwa uso. Nilimgonga kwa pembeni, nikaanguka. Yeye aliangukia bega. Alitoka mtaroni akanijia, dada, mkono wake umening'inia, akaninyanyulia pikipiki mguuni kwa mkono mmoja."

"Na hayo ya kuvuka kwa miguu?"

"Aliyatunga yeye, tukiwa bado barabarani. Alisema bosi wako akisikia pikipiki ya kiwanda iliendeshwa na mtu mwingine, tena asiye na leseni, kesho yake huna kazi. Akamwomba fundi viatu anyamaze. Rafiki yake akaja kuchukua pikipiki yako, wakaitengeneza na kuirudisha usiku ule ule, kabla hujaiona. Akaniambia, wewe sema hukumbuki, mengine niachie mimi."

"Na wewe ukaniacha nimwone mume wangu muuaji."

"Nilitaka kusema. Kila nikitaka, mama anakuja na maneno yake, naona haya, nasema kesho."

Wote wawili walimgeukia mama. Mama aliliweka shati chini. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, kweli hakusema kitu.

Aliporudi nyumbani, mumewe alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, amewasha taa ya kazi, anasafisha mabomba ya friji. Dada Mikate aliivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele yake.

"Twiga ameniambia."

Alifuta mikono kwenye kitambaa, akitumia muda. "Kuhusu nini?"

"Usianze tena. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia, ungefanya nini? Ungekwenda kwa bosi wako asubuhi ile ile. Na kama usingekwenda, siku akikuuliza ungeanza kupiga kwikwi. Wewe ukidanganya unapata kwikwi, dunia nzima inajua. Nikaona usilolijua halitakutoka."

"Ukamwacha mama akufikirie vile?"

"Mama mkwe hajawahi kuniita jina zuri. Huko nimezoea." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Halafu ni mimi niliyemsema kwa habari ya kochi. Alikuwa anaikimbilia ile kazi kwa sababu yangu. Angekufa pale, ningekwenda wapi na maneno yale?"

Dada Mikate alitaka kusema samahani, lakini neno lilikuwa dogo kwa kazi iliyokuwepo. Mumewe ndiye aliyeendelea.

"Nilijua utaniuliza maswali. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Kile kiti ndicho ambacho sikujiandaa nacho."

"Kiti gani?"

"Unachokiburuta nyuma ya mlango kwa watoto. Nilikuwa nakisikia. Siku ya kwanza nilifikiri unasogeza ili upite. Siku ya pili nikaelewa." Aliitazama friji. "Watoto wangu, mke wangu, na kiti katikati. Kwa ajili yangu mimi."

Alilia hapo alipokaa juu ya ndoo. Mumewe hakumkumbatia, na hakuondoka.

Asubuhi yake Dada Mikate alikwenda kwa bosi wa kiwanda, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Twiga alikataa kubaki nyuma. Aliingia kwa magongo, akajieleza mwenyewe toka msumari wa funguo mpaka mtaro, bila kujipunguzia. Bosi aliwasikiliza hadi mwisho. Alisema angelisikia kwa mtu mwingine, angemfukuza siku hiyo hiyo. Kwa kuwa amelisikia kwao, atamwondoa tu barabarani. Dada Mikate alihamishiwa chumba cha kufungashia, kwenye joto la matanuri, na njia yake akapewa kijana mwenye haraka zake. Haikupita wiki, kijana yule akaja kumtafuta kwenye meza ya kufungashia, macho mekundu, akamuuliza kwa sauti ya chini ule utepe hubandikwaje. Dada Mikate alimwonyesha. Alimwelekeza na ile barabara ya nyuma.

Twiga aliipata ile kazi ya karakana ya mbao, ya kukaa, kupanga na kuhesabu mbao mpaka mguu upone, akapanga chumba karibu na huko. Kochi likabaki tupu, na ajabu ni kwamba aliyelalamika wa kwanza ni mume. Nyumba imekuwa kimya mno, alisema, hakuna wa kubishana naye. Mama alikuja siku moja na sufuria jipya, akaliweka mezani mbele ya mkwe wake, akasema limemzidi nyumbani kwake. Mkwe akapokea kwa mikono miwili, huku mmoja ukimuuma. Wote walielewa sufuria lile lilikuwa linasema nini.

Dada Mikate alimpeleka mumewe hospitali, na daktari aliona mfupa wa bega ulikuwa na ufa, akamfunga mkono kifuani. Ikabidi mkewe amvalishe shati kila asubuhi kabla hajaenda kiwandani. Mwanzoni mume alikuwa anatazama dari, amesimama kama anayepimwa na fundi nguo, naye mke anafunga vifungo kimya, toka juu kwenda chini, akihofia hata kumgusa kifua. Iliendelea hivyo siku nyingi. Kisha asubuhi moja alipofika kitovuni alisikia mtu anamwambia juu ya kichwa chake, "Umeruka kimoja."

Aliangalia. Kweli, shati lilikuwa limekwenda upande, upande mmoja wa kola juu, mwingine chini. Alivifungua vyote. Alipoinua macho ili aanze tena, mumewe alikuwa anamtazama.